Macho ya Kutunga Uzi

Kijiji cha Kashbari kilikuwa na mambo mawili ya kusema juu ya Anjuara, mke wa Mokhles, na yote mawili kiliyasema kwa uhakika kabisa. La kwanza ni kwamba ana maringo. Ukikutana naye kwenye tuta la mto, ukamwinulia mkono na kumchekea, yeye huja na uso uliotulia tu, kana kwamba njia haina mtu, mpaka mfikiane pua kwa pua ndipo ashtuke na kukuamkia kwa heshima zote. "Yule anachagua wa kumsalimu," wanawake walisema wakifua bwawani. La pili ni kwamba hakuna mwenye macho kama yake. Kantha alizoshona, zile shuka za sari kuukuu zinazolazwa tabaka juu ya tabaka na kutariziwa, zilikuwa na mishono midogo kama punje za ufuta, na vikongwe wote wa mtaa walimletea sindano zao awatungie uzi. Haikumpitikia mtu hata mmoja kuyaweka mambo hayo mawili pamoja na kuyatazama. Vijiji havina kawaida hiyo.

Hata kuolewa, aliolewa kwa sindano. Siku wakwe walipokuja kumtazama, walifanya kama inavyofanywa siku zote. Wakamwambia atembee waone kama hachechemei, wakamfungua nywele, wakamtaka asome sura fupi ya Kurani kwa moyo. Kisha Jobeda, mama yake Mokhles, akachomoa sindano nyembamba na uzi mweusi kutoka kwenye pindo la sari yake. "Tunga, mwanangu." Huo ndio mtihani wa macho kwao tangu enzi za mabibi: mwali akitunga uzi kwa mara moja, macho yake hayana kasoro na maneno yamekwisha. Anjuara aliisogeza sindano karibu na pua, akatunga kwa mara moja. Jobeda akamgeukia dada yake kwa furaha. "Macho ya mwewe haya," alisema, na sinia la vitamu likaletwa.

Mwewe! Msichana yule hakuwahi kumwona mwewe maishani mwake. Alimsikia tu akilia juu na vifaranga wakikimbia, akadhani kila mtu humjua mwewe kwa masikio.

Usilolijua ni usiku wa giza. Anjuara alizaliwa na macho yale, hakuwahi kuazima ya mtu mwingine akalinganisha. Kwake yeye dunia ilikuwa safi mpaka mwisho wa mkono wake, na baada ya hapo ukaanza ukungu, naye aliamini Mungu ameiumba hivyo kwa wote. Miti ilikuwa mafungu ya kijani. Watu walikuwa nguo za rangi zinazotembea, na mwenye busara hakurupuki kuisalimu nguo. Mumewe alimtambua kwa mlio wa gurudumu la nyuma la baiskeli yake ya mizigo. Shule aliiacha darasa la nne, baba yake alipochoka kuitwa na kuambiwa kwamba binti hatazami ubao. Tangu hapo alijiita kichwa kizito, tena alijiita kwa kicheko, awahi kabla hajaitwa na mwingine. Lakini kilimuuma kile kicheko, na siku alipojifungua Shiuli alimwombea jambo moja tu: huyu asome, amalize, asije akahitaji kujicheka.

Mwanzoni dua ilielekea kukubaliwa. Madarasa ya chini watoto waliketi mkekani miguuni mwa mwalimu, wakasoma kwa kuimba, na Shiuli alikuwa na sauti na kumbukumbu. Darasa la pili lote alikuwa Namba Tatu. Namba hiyo si mchezo, maana mtoto huibeba mwaka mzima kama jina, na hata akitumwa dukani muuza duka atamwita "Namba Tatu, mama anataka nini?" Kwa bahati mbaya mtihani wa kuingia darasa linalofuata ulimkuta Shiuli kitandani, anaungua na homa ya matumbo. Alifanya karatasi mbili tu, akapewa namba thelathini na sita kati ya watoto arobaini na mmoja.

Sasa darasa la tatu lilikuwa la Mwalimu Tofazal, na Mwalimu Tofazal alikuwa na utaratibu wake. Watoto waliketi kwa namba, wale wa juu mbele, wale wa chini nyuma ukutani, ili kila aliye nyuma awe na hamu ya kusogea. Alijivunia utaratibu huo. Mtu mwema, mchapa kazi, lakini akishapata wazo hulishika kama kupe. Shiuli akaenda kuketi benchi la mwisho, chini ya dirisha lililovunjika.

"Atapanda," kila mtu alisema. "Ilikuwa homa tu."

Hakupanda. Alasiri moja alikuja akaketi kibarazani karibu na mama yake, akaanza kuvuta nyuzi zilizokatika.

"Mama, ubaoni hamna kitu."

"Hamna kitu vipi?"

"Mwalimu anaandika, lakini hayatokei. Naona moshi tu."

Anjuara akacheka, hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mshono. "Kwani nani anaona, toka huko nyuma? Hata mimi nilikuwa sioni."

"Lipi, mwenzangu wa benchi, anasema yeye anaona."

"Lipi anajidai. Wenzio wanasikiliza, mwanangu. Ubao hautazamwi kwa jicho, unasikilizwa. Sikiliza chaki inavyokwaruza. Kuna tarakimu zinakwaruza mara moja, kuna zinazokwaruza mara mbili. Mwalimu akinyamaza, ujue anapiga mstari wa kujumlisha. Tega sikio."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maarifa yake yote ya shule, naye alimpa mtoto kwa moyo mkunjufu, kama mtu anavyompa mwanawe kipande kikubwa cha samaki. Shiuli alijaribu wiki nzima. Akasikiliza chaki mpaka kichwa kikamuuma. Mwisho akafanya kilichokuwa rahisi, akawa anachungulia daftari la Lipi, na Lipi mwenyewe hakuwa Namba Moja.

Mwalimu Tofazal akamwita mama.

"Binti yako ananakili, Mama Shiuli. Tena ananakili na makosa ya mwenzake. Angalau angechagua wa kumwibia."

Anjuara alijifunika uso kwa pindo la sari. "Mwalimu, hebu msogeze mbele kidogo. Pengine akiwa karibu na wewe ataogopa."

"Mama, benchi la mbele haliombwi kama chumvi. Namba thelathini na sita nikimweka mbele, namba tano nimpeleke wapi? Mwambie akaze akili. Nikimwita ubaoni anakunja macho, ananikodolea kama ananidharau."

Alirudi nyumbani na kifua kimejaa, akamkuta Shiuli jikoni anachambua dengu. Akamuuliza kwa nini ananakili. Mtoto akasema, kwa sababu sioni. Akamuuliza mara ya pili, na mtoto akasema lile lile, tena kwa sauti kubwa zaidi, wenzangu wote wanaona, mimi sioni. Anjuara akamzaba kofi.

"Usinidanganye! Hakuna anayeona! Sema hutaki kusoma!"

Dengu zikamwagika. Shiuli hakulia, aliinama akaanza kuziokota moja moja, uso karibu na sakafu.

Jobeda aliyasikia yote kutoka kwenye kitanda chake cha kamba. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuwa jeupe, lakini ulimi ulikuwa mzima. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema, akiviringisha jani la tambuu. "Mama kichwa kizito, mikono ya dhahabu. Mtoto ndiyo hivyo hivyo. Mpe sindano, Mama Shiuli, mnamtesa bure."

Mokhles alipomaliza kula usiku huo alitoa hukumu yake, si kwa ukali. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Mtihani wa mwisho wa mwaka tutauona. Akiingia ndani ya ishirini, aendelee. Asipoingia, basi, akae na mama yake ashone. Haina haja apigwe huko na apigwe na huku."

Anjuara alihisi kama amesikia sauti ya baba yake mwenyewe, na tofauti ni kwamba safari hii naye alikuwa upande wa wakubwa.

Mvua zilipokwisha, kambi ya macho ikaja. Waliiweka kwenye jengo la halmashauri, mwendo kidogo kutoka Kashbari, na tangazo lilisema wazee wenye mtoto wa jicho waje. Anjuara akampeleka mama mkwe, na Shiuli akaenda ili amshike bibi yake mkono wa pili. Foleni ilikuwa ndefu, wazee watupu, kikohozi na tambuu na lawama juu ya wakaza wana. Walipofika mbele, binti mmoja mpimaji, Dada Mahmuda, alimketisha Jobeda kwenye kiti na kumwonyesha ukuta wa upande wa pili.

"Bibi, ziba jicho la kushoto. Unaona alama kama chanuo? Meno yake yanatazama wapi?"

"Hili juu," Jobeda alisema. "Hili kulia. Hili linatazama chini, na hili dogo kulia tena. Kwani nimekuja kupimwa au kufundishwa kuchana nywele?"

Foleni ikaangua kicheko. Anjuara hakucheka. Alikuwa amesimama bega kwa bega na mama mkwe, anatazama kule kule, na kule kulikuwa na weupe tu. Akamwinamia kikongwe.

"Mama, usibahatishe. Watakupa dawa isiyo yako."

"Nani anabahatisha? Machanuo si hayo hapo!"

"Wapi?"

"Ukutani, mwanamke we! Umekula nini leo?"

Dada Mahmuda akaacha kuandika. Akamtazama Anjuara, kisha akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amekunja macho mpaka yamebaki nyufa mbili. "Mama, wewe unaona mistari mingapi pale?"

"Mistari ipi?"

"Na wewe, binti?"

Shiuli alimtazama mama yake kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Moshi," na papo hapo akainua mkono kukinga shavu.

Anjuara aliuona ule mkono. Kitu kama hicho mtu hukiona hata akiwa kipofu.

Wakaketishwa wote wawili. Mtoto alitangulia, akavishwa fremu nzito ya chuma yenye matundu, na Mahmuda akawa anatumbukiza vioo kimoja baada ya kingine, anauliza hiki na hiki, mpaka Shiuli akaanza kutaja meno ya chanuo mbiombio, juu, chini, kushoto, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Kisha fremu ikaja usoni mwa Anjuara. Kioo cha mwisho kilipoingia, hakutazama ukuta. Alitazama mlangoni, nje, ng'ambo ya uwanja, ambako palikuwa na mfenesi.

Mfenesi ulikuwa na majani. Alijua una majani, kwani alikuwa ameyafagia maisha yake yote. Asichojua ni kwamba yanaonekana yakiwa bado juu, moja moja, na kila moja lina ukingo wake. Chini ya mti aliketi mwanamke ananyonyesha, na mwanamke yule alikuwa anamtazama.

"Yule kule ananitazama," alisema.

"Ndiyo, anakutazama," alisema Mahmuda.

"Kutoka kule?"

"Kutoka kule."

"Na watu wote huona hivi? Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Alishikwa na aibu iliyomwanzia miguuni. Alikumbuka ng'ambo ya bwawa, pale alipozoea kwenda kulia mambo yakimzidi, akilia wazi bila kujifunika, kwa kuwa aliamini umbali ule ni pazia tosha. Kumbe macho hayana pazia. Kijiji kizima kilimwona, miaka yote, kikanyamaza. Kisha aibu ikampita ikaja nyingine kubwa zaidi, maana mtoto wake alimwambia ukweli kwa maneno mepesi kabisa, akamwambia tena na tena, na katika dunia nzima mtu aliyekuwa mgumu kuliko wote kumwamini alikuwa ni yeye.

Walirudi kwa miguu, Jobeda amepewa tarehe ya kupasuliwa jicho mjini, anajitamba kwamba ameshinda vijana kwa kuona. Shiuli akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu.

"Mama, siku ile uliponipiga. Na wewe ulikuwa unaona moshi?"

"Nilikuwa naona moshi."

"Sasa ulijuaje kama nasema uongo?"

Anjuara alisimama katikati ya njia. Alitafuta jibu ambalo mzazi anaweza kumpa mtoto na bado akabaki mzazi, hakulipata. "Sikujua," alisema. "Nilikuonea. Nisamehe, mwanangu."

"Mzazi haombi radhi kwa mtoto," Jobeda alikemea.

"Huyu anaomba, Mama."

Miwani ililetwa juma lililofuata, miwili, ya mtoto ina fremu ya rangi ya chungwa. Na hapo ndipo vita vilipoanza, maana ya Anjuara haikumsumbua mtu. "Wewe umeshaolewa, vaa hata mitatu," Jobeda alisema. Lakini ya mtoto aliichukua, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia chini kabisa ndani ya sanduku la bati, na ufunguo akampa mwanawe.

"Msichana wa miaka tisa na miwani! Akifika umri wa kutazamwa watu watasema nini? Nusu kipofu. Na watoto atakaozaa nao watakuwa nusu vipofu. Nani atavuka kizingiti chetu?"

"Avae humu ndani," Mokhles alisema, akitafuta kati na kati.

"Humu ndani kuna ubao gani?" Anjuara aliuliza. "Atatazama nini, sufuria?"

Alimgeukia mama mkwe. Hakuwa na desturi ya kubishana naye. "Mama, ulinitungisha uzi. Siku ile nilikuwa nusu kipofu mbele yako, na ukala vitamu. Umepata hasara gani kwangu?"

Jobeda alitafuna tambuu muda mrefu. "Hasara sijapata."

"Ungejua, ungenichukua?"

"Ningekuacha," kikongwe alisema, kwani alikuwa na mengi lakini hakuwa mwongo. "Ningekuacha na ningekula hasara mimi. Lakini si kila mama mkwe ni mimi. Ufunguo unabaki kwa baba yake."

Basi ufunguo ukabaki. Shiuli akaendelea kwenda kuketi chini ya dirisha lililovunjika, sasa akijua ubao una maandishi na kwamba dawa yake imelala nyumbani chini ya mablanketi. Hilo lilikuwa baya kuliko mwanzo. Aliacha kuuliza maswali. Mtihani ulikuwa unakaribia, ukungu wa asubuhi umeanza, na Anjuara alishona huku miwani yake ikimteleza puani, akimtazama mtoto anavyotoka na mkoba na kutoweka tutani, sasa kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyopata kumtazama mtu yeyote akienda.

Jioni moja alikuwa uani anaanua nguo. Juu ya tuta aliona baiskeli ya mizigo inakuja, na mtu aliyeiendesha akainua mkono wake wa kulia, juu kabisa. Anjuara akatazama nyuma yake kuona ni nani anayesalimiwa. Hakukuwa na mtu. Akainua na wake.

Baiskeli ikasimama. Ilisimama pale juu kitambo, kisha ikateremka polepole.

Mokhles aliingia uani, akanawa miguu, akanawa tena. "Leo umeinua mkono," alisema.

"Si uliinua wewe kwanza."

"Mimi nainua siku zote. Tangu ulipokuja hapa. Kila jioni nikifika kwenye ule mkunjo wa tuta nainua mkono, nawe unanitazama hivi hivi, kisha unaendelea na nguo zako."

"Baba Shiuli, sikuwa nakuona."

"Sasa najua. Wakati ule nilisema, haya, mke wangu fundi wa kantha, mabibi wa mjini wanamfuata, mimi mbeba magunia. Hataki kujulikana na mimi mbele ya majirani."

"Ulidhani hivyo miaka yote hii?"

"Nilidhani hivyo."

"Na bado ukawa unainua?"

Mokhles aliona haya. Alijifuta uso kwa gamcha, ile taulo nyembamba ya begani, ingawa uso haukuwa na maji. "Nilizoea," alisema.

Anjuara alitamani kucheka na kulia, na akaona vyote viwili vitangoja. Neno alilolitafuta wiki nzima lilikuwa limekuja lenyewe mpaka uani. "Basi sikiliza. Wewe unalala na mimi chumba kimoja, na ulinidhania vibaya kwa miaka kumi na zaidi kwa sababu ya macho tu. Mwalimu anakaa na watoto arobaini. Wewe unafikiri yeye anamdhania nini Shiuli?"

Mokhles aliingia ndani, Jobeda akamsikia anafungua sanduku la bati, akapiga kelele, "Mokhles! Mokhles, utamwozesha kwa nani?" Naye akajibu kutoka huko ndani, blanketi mikononi, "Kwa atakayemtaka, Mama."

Kesho yake alimpakia binti yake juu ya magunia ya juti, miwani ya rangi ya chungwa usoni, akampitisha katikati ya soko, penye hoteli ya chai, mbele ya kila ulimi wa Kashbari. Anjuara alifuata nyuma kwa miguu na miwani yake.

"Mokhles!" mmoja aliita. "Umempakia daktari?"

"Ndiyo. Ukiugua usije kwangu na mkono mtupu."

Shuleni watoto hawakuwa na huruma. Walimwita chura, wakamwita bibi kizee. Shiuli alikwenda moja kwa moja benchi lake la nyuma, akaketi, akatazama mbele. Mwalimu Tofazal alimaliza kuandika, akageuka, akakutana na yale macho mawili makubwa yanamtazama bila kukunjwa. Alipomwona Anjuara dirishani akamwendea, chaki mkononi. "Kumbe hakuwa ananikodolea," alisema. Mabenchi hakuyabadilisha, asije mtu akafikiri yule mzee aligeuka malaika siku moja. Lakini hakumpiga tena.

Uliobaki ni mwezi mmoja tu na siku chache. Mtoto alisoma kama mwenye njaa, ila mwezi hauwezi kula chakula cha mwaka. Siku ya matokeo wazazi walisimama uwanjani wamejifunga mashali, ukungu bado umelala, na Mwalimu Tofazal akasoma majina kwa mpangilio wa namba. Yakapita kumi. Yakapita kumi na tano. Anjuara alikuwa amemshika Shiuli bega na alihisi bega linakuwa gumu kila jina linapotajwa. Ishirini lilikuwa jina la mtoto wa muuza mafuta ya haradali. Shiuli alikuja baadaye, wa ishirini na sita.

Walirudi nyumbani. Jobeda alikuwa ameketi juani, jicho lake limepasuliwa na kupona, akasoma habari yote katika nyuso zao kabla hawajaingia uani. Hakudhihaki. "Haya," alisema kwa upole. "Ahadi ni ahadi. Nitampa sindano zangu mwenyewe, zile nzuri."

Shiuli alivua miwani, akaikunja, akamnyooshea baba yake, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Mokhles hakuipokea. Aliitazama ile mikono midogo, akamtazama mama yake, kisha akachuchumaa ili awe sawa na mtoto.

"Ulianza kuona lini?" alimuuliza.

"Mwezi uliopita, Baba."

"Basi mwaka huu mimi siuhesabu. Hukuwa darasani. Ulikuwa umekaa tu kwenye moshi. Mwaka wako unaanza sasa, darasa la nne. Vaa."

Mtoto aliivaa upesi, isije kauli ikabadilika, akakimbilia nje kumtafuta Lipi. Jobeda alishusha pumzi, akasema haya, dunia yenu, na akaomba maji. Hakuna aliyemwona Anjuara akiondoka. Mokhles alimkuta nyuma ya jiko, ameegemea ukuta wa udongo, miwani mkononi, analia kwa sauti ya mtu mzima asiyejali tena nani anamwona.

"Mama Shiuli, unalia nini? Si nimekubali? Mtoto anasoma."

"Nimesikia," alisema. "Nimefurahi. Wallahi nimefurahi."

"Sasa?"

Ilimchukua muda kupata pumzi.

"Mimi nilipotolewa shule, hakuna aliyeniambia mwaka huu hauhesabiwi," alisema. "Hata mtu mmoja."

Mokhles alikaa pale pale kando yake mpaka alipomaliza kulia.